Stika ya Trekta la Babu

Shoga, jaji wa maonyesho ya mifano ya mbao kanitokea mlangoni bila taarifa, eti kukagua trekta langu dogo la mbao.

"Binti, stika imepinda."

Nikamwambia marehemu babu ndivyo alivyoibandika kwenye trekta lake la kweli, na nimemwahidi bibi sitainyoosha.

"Inyooshe, au usije."

Kisha akainyoosha mwenyewe. Stika yenyewe ni ya kulowekwa maji ndipo ibandikwe, na ilikuwa bado mbichi! Ikamganda kidole gumba.

Kidoleni, shoga. Mtaalamu kaondoka na jina la trekta kidoleni, huku ananihubiria usafi wa kazi.

Nimechapa nyingine, nikaibandika imepinda vilevile. Maonyesho ndiyo basi, na kazi niliyotarajia kuipata pale.

Bibi kaipapasa, kacheka. "Huyu ndiye mume wangu. Hakuwahi kunyoosha kitu."