Kompyuta imegoma, na kesho ni sendofu ya Neema

Ijumaa. Mawingu tangu asubuhi, mvua hainyeshi, joto la kunata. Nina njaa, mikono imejaa dawa ya kijivu isiyotoka hata kwa sabuni ya unga, na nina furaha ambayo sijui niipeleke wapi. Ndiyo maana naandika.

Asubuhi sikuwa hivi. Asubuhi nilikuwa nimekaa sakafuni, sebuleni kwa wazazi hapa Tegeta, nalia mbele ya kompyuta.

Kesho ni sendofu, sherehe ya kumuaga mdogo wangu Neema kabla ya ndoa. Kwetu, kabla binti hajaagwa, baba husimama mbele ya watu akampa neno. Baba yetu alipata kiharusi mwaka jana, na tangu hapo maneno hayatoki. Anaelewa kila kitu, anabishana na taarifa ya habari kwa macho, ananinunia chumvi ikizidi kwenye mboga, lakini akifungua mdomo inatoka sauti tu. Mwisho anapunga mkono kama anayefukuza inzi, ananyamaza. Neema aliomba kitu kimoja kwenye sherehe yake, na wala si keki ya ghorofa. Aliomba Baba aseme.

Na Baba alishawahi kusema. Kwenye sendofu yangu alishika kipaza sauti akaongea mpaka wakwe zangu wakatoa leso. Kazi yangu ni kuhariri video za sherehe, kwa hiyo niliamua kumtengenezea Neema filamu fupi: picha zake za utotoni, halafu Baba wa wakati ule anatokea na kumpa neno. Video yenyewe imo ndani ya kompyuta yangu, nakala pekee.

Ndiyo, nakala pekee. Mimi ninayewahubiria wateja waweke nakala mbili. Msinisute, nimeshajisuta vya kutosha.

Kompyuta ilikuwa imechoka. Picha zinakwama, na kutoa filamu ya dakika chache kunamaliza mchana mzima. Hamisi, rafiki yangu tuliyesoma naye, ana duka la kompyuta za mtumba Sinza. Akanitafutia prosesa, ule ubongo wa kompyuta, yenye nguvu zaidi inayoingia kwenye mashine yangu, na kwa kuwa inatoa joto kubwa, akanipa na kipoozeo kipya kabisa ndani ya boksi: kile chuma chenye mapezi, na feni juu yake. Prosesa ya zamani nilimwachia. Jana nikafunga mwenyewe, nikaiona inawaka, nikaizima nikaenda kusuka nywele huku najisifu.

Leo asubuhi ikaanza vituko. Inawaka, inaonyesha nembo, inazima. Inawaka yenyewe, inaonyesha nembo, inazima.

Nililaumu umeme kwanza, kama tunavyofanya wote. Nikahamisha waya kwenye soketi nyingine. Nikatoa ramu, vile vibao vya kumbukumbu, nikazisugua meno kwa kifutio cha penseli, nikazirudisha. Nikachomoa betri ndogo ya saa, nikaipa muda, nikairudisha. Nikaomba. Ikawaka, nembo, ikazima. Hamisi aliniambia kwenye simu kwamba nikishindwa kabisa nichomoe diski nimpelekee, lakini kila mashine inapokatika katikati diski nayo inakatika, na mimi nilishaanza kuona sura ya Baba ikifutika kidogo kidogo mle ndani. Hapo ndipo nililia.

Baba alikuwa kwenye sofa lake, ananitazama. Kompyuta niliihamishia sebuleni kwake makusudi, ili nifanye kazi huku namwangalia, kwani mimi na mume wangu tunaishi nyumba ya uani. Mama alikuwa Kawe kwa shangazi, anapokea wageni waliotoka Same. Tulikuwa wawili tu, mmoja hawezi kusema na mwingine hana la kusema.

Nikaiacha mashine, nikaenda kumpashia Baba uji, nikamnywesha taratibu, nikamfuta mdomo. Niliporudi kuijaribu, ikanishangaza. Ilipita nembo. Ikafika mpaka kwenye picha niliyoiweka kwenye kioo chake, yule paka wa jirani. Nikapiga makofi. Ikazima. Na iliporudi, ikazima mapema zaidi, na iliyofuata mapema zaidi ya hiyo.

Nikampigia Hamisi.

"Ikipumzika inakaa," nilimwambia. "Ukiing'ang'ania ndo inakata upesi."

"Hilo joto, dada Eli. Feni inazunguka?"

"Inazunguka vizuri tu."

"Sasa kile chuma, kwa chini, kwenye uso wake ule laini. Ile nailoni uliibandua?"

Nilikitazama kile chuma. Akaita, "Dada Eli?" Nikamwambia nitampigia.

Sasa hapa lazima nieleze mambo ya nyumbani kwetu. Baba hakuwahi kubandua nailoni kwenye kitu kipya. Masofa yalikuja na nailoni, na nailoni iko mpaka leo, ukikaa na kaptura unainuka ukiwa umeacha ngozi. Rimoti ina nailoni yake na raba bendi. Gari alilitumia miaka na miaka, akaliuza, na aliyelinunua ndiye aliyebandua nailoni ya viti. Ukimuuliza alikuwa anajibu kwamba inalinda. Nimemcheka utoto wangu wote. Niliapa kwangu sitafanya hayo.

Na jana, nilipokitoa kile kipoozeo kwenye boksi, niliiona nailoni. Niliiona kabisa. Ilikuwa nyembamba, safi, chuma kinang'aa chini yake kama kioo. Nikapitisha kidole. Nikasema moyoni, iache, inalinda.

Nikapaka dawa ya kijivu juu ya prosesa, ile inayopitisha joto liende kwenye chuma, nikakandamiza chuma juu yake na nailoni yake. Joto likafika pale likakuta mlango umefungwa. Prosesa ilikuwa inaungua, ikijizima ili isife, ikipoa kidogo inajaribu tena, maskini. Siku nzima nimemtukana mtu asiye na kosa.

Nilifungua skrubu, nikanyanyua chuma, na ile nailoni ilikuwepo, imejikunja pembeni kwa joto. Nikaivuta kwa kucha, nikamwonyesha Baba. Nikamwambia, "Mzee, umeniharibu."

Baba aliitazama. Akalitazama sofa lake. Kisha akacheka, kicheko cha mabega, mpaka nikaogopa atapaliwa. Nami nikacheka na machozi yangu yale yale ya asubuhi.

Nikafuta, nikapaka dawa upya, nikafunga. Ikawaka. Nembo. Picha ya paka. Nikasubiri. Paka akabaki. Nikafungua kazi yangu, na sura ya Baba ilikuwepo nzima, na suti yake ya kahawia. Kitu cha kwanza nilichofanya ni kuinakili kwenye flashi, na kwenye simu, na kwenye simu ya mume wangu aliporudi. Filamu nzima imetoka kabla chai ya jioni haijapoa.

Lilibaki tatizo dogo. Kwenye ile video Baba anaanza kwa kutaja jina langu, na kesho si siku yangu. Kwa hiyo nimelikata. Sauti inanyamaza kidogo, inapita picha ya Neema akiwa kibogoyo, halafu Baba anaendelea: "...mwanangu, huko unakokwenda ukakae vizuri na watu. Ukikosea, omba radhi mapema. Na ukichoka, kwenu ni hapa, hatutakuuliza umekuja kufanya nini."

Nilimchezea Baba aone. Ilipofika pale penye kimya akatikisa kichwa, akanyooshea kioo kidole. Nikadhani amechukia nilivyomkata. Nikamwambia jina lilikuwa langu, ndiyo maana nimelitoa. Akaonyesha ishara nirudishe.

Nikarudisha. Kimya kilipofika, Baba akasema, "Neema."

Lilitoka zito, upande mmoja wa mdomo, lakini lilikuwa jina. Nikarudisha tena, akalisema tena, mapema kidogo, likakaa pale pale penye nafasi yake. Sauti ya zamani ikapokea: mwanangu.

Nilishika simu ili nimrekodi, nilibandike jina ndani ya filamu, kazi iishe. Halafu nikaiweka chini.

Pengo nimeliacha wazi. Nimeshaongea na MC, kesho filamu ikianza atasogea na kipaza sauti mpaka alipo Baba. Huenda mbele ya watu wote wale asiweze. Nimelifikiria hilo jioni nzima na bado sina uhakika kama nimefanya busara au nimemwonea. Lakini nilimuuliza, nikamuuliza mara ya pili, na mara zote mbili aliitikia kwa kichwa, na mara ya pili alinikazia macho kama zamani nilipochelewa kanisani.

Haya nitayapandisha mtandaoni baada ya sherehe, maana Neema husoma kila ninachoandika. Amepiga simu sasa hivi akiwa saluni. Kitu pekee anachojua ni kwamba kompyuta imepona.