Kitendawili Changu Kimewaponza Kasuku

Shoga, kasuku wamechukuliwa. Wote, pamoja na makinda.

Wale wa kijani wenye vichwa vyekundu, ambao mjukuu wangu amewapiga picha miezi mitatu. Leo asubuhi tumekuta pango lao kwenye mti limepasuliwa kwa shoka, chini manyoya tu.

Na ni mimi. Ni mdomo wangu huu.

Aliponipa picha yao moja aliniambia, "Bibi, nimeikata ili mti usionekane. Wategaji wakipajua mahali, kwisha." Nikamwambia siri nimeizika, haifukuliwi.

Jumapili nikaifukua mwenyewe. Niliituma picha kwenye kundi la washonaji wenzangu, nikatega: "Wanangu wana kanzu za kijani na kofia nyekundu, nyumba yao haina mlango. Wanaishi wapi?" Wakashindwa wote, wakanipa mji. Na ukishapewa mji, shoga, utakataaje kutoa jibu? Nikaandika: kwenye mkuyu, nyuma ya tangi la maji la shule.

Sasa sikia kinachoniua. Mjukuu wangu alikaa chini ya ule mti akasema, "Bibi, ni mimi. Walinifuata nikiwa na kamera." Akalia begani kwangu, na bado sikumwambia kuwa ni mimi.

Kamera ameifungia kabatini. Anasema hapigi picha ya ndege tena, asije akawaponza wengine.

Nimesimama mlangoni pake, naizima simu. Safari hii sisubiri kupewa mji. Jibu nakwenda kulitoa mwenyewe.