Mungu Alivyosubirishwa Sebuleni

Toronto, 13 Novemba 2011

Mdogo wangu Elinaza,

Upo? Mgongo unasemaje, na ule mguu? Mimi nipo. Baridi imeanza, Benedicta kaninunulia koti, nikilivaa nafanana na godoro lililokunjwa. Yeye ndiye anaandika, mimi naongea. Ana mkono mzuri huyu mwanangu ila anapunguza maneno, nimemwambia asipunguze.

Simu nimeacha. Kila nikimtaja mkweo Faudhia unasema mtandao umeisha. Barua haina mtandao.

Sasa sikia. Hapa ghorofani, mlango wa pili, kuna mjane wa Kiyahudi, Bi Raizel. Tulivyojuana ni aibu. Ijumaa moja jioni kanisimamia kwenye korido, anasema, "Jikoni kwangu giza sana." Nikasema pole. Haondoki. "Giza sana kweli." Nikaona maskini, umeme umemkatikia kama kwetu, nikawasha mshumaa nikampelekea. Alicheka mpaka akashika ukuta. Kumbe sabato yao ikishaingia hawagusi swichi, na kumtuma mtu waziwazi pia hawaruhusiwi. Anasema giza, basi, anatumaini jirani ataelewa mwenyewe. Siku hizi naelewa. Hata mimi nikitaka chai namwambia Benedicta, "Kikombe changu kikavu." (Mama, ulikuwa hivyo tangu Moshi. – B.)

Jumamosi mchana tunakwenda kukaa naye, Benedicta ananitafsiria. Watu hawa kila wiki wana kipande cha vitabu vya Musa, dunia nzima wanasoma hicho hicho. Na marehemu mumewe alikuwa wa Wahasidi, wale wa makoti meusi na ndevu. Wazee wao wa zamani kila kipande wamekitafuna mpaka mfupa. Jana ilikuwa Ibrahimu na wageni watatu. Tumeisikia tangu sande skuli tukiwa na kamasi, lakini hivi hatujaisikia.

Wanasema Ibrahimu ni mgonjwa, katahiriwa mtu mzima vile, na Mungu mwenyewe kaja kumpa pole. Wamekaa. Mara anaona watu njiani, jua linachoma. Anamwambia Mungu, "Nisubiri kidogo," anawakimbilia. Nikauliza, Mungu anaachwaje sebuleni? Bi Raizel akasema wazee wao nao waliuliza, wakajibu: hakukasirika, alifurahi, akakaa akasubiri. Na Ibrahimu hakujua ni malaika. Alidhani ni watu wa dini nyingine kabisa, wanaosujudia vumbi la miguu yao. Akawapa maji ya kunawa miguu, hakuwahoji.

Elinaza, Oktoba mwanao Tumsifu alikuletea mkewe getini. Ukatoa sauti dirishani kwamba uko kwenye maombi. Wakangoja, wakageuza. Mimi sikutumi. Nasema tu, getini kwako jua kali sana.

Dada yako,
Mama Benedicta


Moshi, 11 Desemba 2011

Dada, shikamoo.

Mgongo uko palepale, mguu umepata nafuu. Nimefurahi umepata jirani wa kukuvumilia.

Lakini Ibrahimu wageni aliwaona mwenyewe. Mimi mwanangu kafunga ndoa bomani bila kuniambia, na binti wa Kiislamu wa Tanga, habari nikazisikia kwa muuza nyanya. Halafu Ibrahimu kakimbia, kainama, kasifiwa. Unga kakanda nani? Sara, kajificha na moto nyuma ya hema. Nani alimuuliza kama anawataka wageni? Muulize Bi Raizel wako wazee wenye ndevu wanasemaje kuhusu Sara. Wakikosa jibu, niache nisali.

Benedicta ale vizuri.

Mdogo wako,
Elinaza


Toronto, 8 Januari 2012

Elinaza wangu,

Heri ya mwaka. Theluji imefika dirishani, mimi naitazama tu, sina shida nayo.

Swali lako nililifikisha. Bi Raizel kasema ungekuwa mwanamume wangekuvisha kofia ya manyoya ya wazee wao. Akafikiri, chai yake ikapoa. Akasema mumewe alikuwa anafundisha hivi mezani: wageni wamekula, wameshiba, neno la kwanza lililowatoka ni "Sara yuko wapi?" Hawakuulizia ng'ombe. Njia yote ile walikuwa wanamfuata yeye. Habari waliyobeba ilikuwa ya kwake, Ibrahimu alikuwa mlango wa kupitia.

Hapo nikakukumbuka wewe. Maana wale wa getini kwako nao walibeba habari ya kwako. Naijua, Tumsifu kaniapisha. Hapa Benedicta ameshika kalamu juu nisije nikaitoa. (Kweli. – B.) Waulize wenyewe, na uwahi. Habari nyingine ukichelewa kuziuliza zinajitangaza.

Dada yako,
Mama Benedicta


Toronto, 19 Februari 2012

Elinaza,

Hujambo? Umekasirika? Simu yako inaita mpaka inachoka. Bi Raizel anakuulizia kila Jumamosi. Kama umekasirika, niandikie hivyohivyo na hasira zako.

Dada yako


Tanga, 11 Machi 2012

Dada, shikamoo, na huyo Bi Raizel mpe salamu.

Usishtuke mwandiko. Miwani nimeikalia. Barua yako ya Februari jirani ndiye kaituma huku, na simu iko Moshi juu ya kabati.

Sikukasirika. Nilisali juu ya ile barua ya Sara mpaka nikachoka kusali, nikapanda basi kuja kwao huku. Nilifika mchana, joto la huku unalisikia. Nabisha hodi, mama wa nyumba ya pili anasema, "Yupo, anaswali." Nikasema leo nimepatikana. Nikakaa barazani na kikapu changu, nikacheka peke yangu kama mwehu.

Faudhia alipotoka kaniona, kasimama tu. Tumbo limemtangulia mlangoni, dada. Nikaelewa kiapo chako.

"Mama, umekaa hapa tangu saa ngapi?"

Nikamwambia, "Tangu Oktoba."

Kaingia ndani, karudi na beseni la maji, na kainama na tumbo lile mpaka nikamgombeza. Tumsifu kaja jioni kanikuta jikoni namfundisha mkewe kupika mtori wetu wa ndizi. Akalia yule, mtu mzima. Sirudi mpaka mtoto azaliwe.

Mdogo wako,
Elinaza

Shikamoo mama mkubwa, mwandiko ni wangu, Faudhia. Mama anasema niandike kwamba wali wa nazi wa kila siku unamsumbua tumbo. Nimeandika. Ila sahani ameninyooshea niongeze.