Jua ya avril na mihogo yangu

Mujukuu wangu Grâce,

Jambo yako huko Lubumbashi. Huku Ganshoren, kwa Wabeleji, tuko wazima, mimi na radio yangu. Unauliza jua ni mingi wakati gani, printemps ya mwezi ya avril ao été ya mwezi ya juillet? Bon, tonton ya mama yako anajua jua kuliko watu wa météo kwenye radio.

Mwaka yangu ya kwanza, avril, jua iliwaka, Wabeleji wote wakatoa viti inje. Mimi nikaanika mihogo kwenye balcon. Jirani, Madame Josée, akacheka kwenye balcon yake: "Monsieur, hiyo jua ni ya kuangalia tu!"

"Nilizaliwa ndani ya jua, Madame! Kisha siku tatu utakula bukari kwangu, ugali ya hii mihogo."

Kisha siku tatu, mihogo iliota ukungu, ikakuwa na ndevu kuliko mimi. Tulicheka naye mpaka mwezi ya mai.

Juillet nikaanika tena. Siku mbili tu, ikakauka sawa mawe! Nikasaga, nikapika bukari, nikaweka sahani mbili, nikaenda kumugongea Madame Josée. Volets za madirisha yake zote chini. Kumbe huku, jua ikikuwa mingi, watu wanaenda bahari.

Donc été ndiyo iko na jua mingi, mama. Lakini ukija kunitembelea, kuja avril.

Tonton Prosper