Uchafu Uliobandikwa Jina Lako

Kaka Tito, kamwene.

Nimeolewa, kaka! Mwezi wa pili huu niko Mbeya. Mume wangu anaitwa Ambokile, fundi seremala, mpole, akicheka macho yanajifumba yote mawili. Nampenda mpaka naona aibu. Tunakaa na mama yake. Ningekuandikia hayo tu mpaka karatasi iishe, lakini leo nina kinyaa, na wa kumwambia ni wewe.

Unakumbuka siku ya kipaimara changu, ulipoturekodi mimi na wewe tukiimba sebuleni Mafinga? Ukaupandisha wimbo kwenye magrupu yako ya habari, yale ya zamani ya mtandaoni, ambako watu walikuwa wakiachiana nyimbo na maandishi. Ukasema, "Kadogo, hata nyumba hii ikiungua, sauti zetu ziko kule." Nyumba haikuungua. Uliondoka wewe, na simu yako na kompyuta yako vikaibwa msibani, watu tukiwa tunalia. Sikubaki na sauti yako hata ya kusema haloo.

Nilibaki na daftari lako ulimoandika namna ya kuingia kwenye magrupu yale. Ambokile akasema, "Mke wangu, tuitafute sauti yake." Tukafuata ulivyoandika: kwanza programu ya kusomea magrupu, halafu anwani ya seva na neno la siri, halafu tafuta jina. Nikaandika jina lako. Yakatokea mafaili mawili, na vifaili vidogo vidogo pembeni, nikavifuta. Moja lilikuwa limekatwa vipande vingi mno, kama mafaili makubwa yanavyopandishwa kule, jingine kipande kimoja tu, jina likiishia na exe. Mimi na haraka zangu nikachukua lile dogo. Nikamwita mama mkwe kwa mbwembwe, "Mama, njoo umsikie kaka yangu!"

Kaka, zilimwagika picha za uchi. Wanawake, wanaume, vitu ambavyo hata kuvitaja siwezi, vinafunguka kimoja juu ya kingine, nikifunga vinazidi. Mama mkwe akavua khanga ya mabegani akaifunika kompyuta kama anafunika maiti. Akauliza taratibu, "Mwanangu, ndiyo kazi aliyokuwa anafanya marehemu?"

Nilitoka nje nikatema mate. Kuna watu kule wanaokota jina la wimbo wa mtu, wanabandika uchafu wao, ili mwenye hamu afungue. Jina lako! Na kila grupu nililopita baadaye lilikuwa hivyo hivyo: dawa za nguvu za kiume, bahati nasibu, matusi. Mahali ulipokuwa ukipaita maktaba pamekuwa choo cha stendi. Nikajichukia na mimi, maana kwenye daftari ulipigia mstari kwa wino mwekundu maneno haya: "Kinachoishia na exe usifungue, hata kikiitwa jina la mama."

Siku tatu mama mkwe hakukutaja. Alinipakulia chakula kama mgeni. Hiyo ndiyo iliniuma. Mtu ambaye hajawahi kukuona, na picha yake ya kwanza juu yako ni ile.

Ambokile akasafisha kompyuta, akaniketisha. Tukachukua lile kubwa. Vipande vikashuka, vichache vikakosekana, wimbo ukagoma kufunguka. Nikalia. Kumbe vile vifaili vidogo nilivyovifuta nikidhani navyo ni takataka ndivyo ulivyoviita viraka, vinavyoziba palipokosekana. Tukavishusha upya. Programu ikaziba mapengo, wimbo ukafunguka.

Ilikuwa mchana, mama mkwe anachambua maharage mlangoni. Ukaanza mvumo wa mvua ya siku ile kwenye bati la Mafinga. Halafu ukakohoa wewe. "Kadogo, acha kucheka, narekodi." Nikasikika nikicheka zaidi. Ukaanzisha wimbo juu mno kama kawaida yako, tukashindwa, ukaanza tena.

Mama mkwe akaweka ungo chini.

"Huyu ndiye marehemu?"

"Ndiye, mama."

"Hebu rudisha pale anapokukataza kucheka."

Tulirudisha mpaka maharage yakasahaulika.

Kinyaa hakijaniisha. Lile faili chafu bado liko kule na sina uwezo wa kuling'oa. Ila nakuahidi, nitaupandisha wimbo wetu upya, vipande vyote na viraka vyake, na chini yake nitaandika Tito wa Mafinga alikuwa mtu wa namna gani. Atakayetafuta jina lako akukute wewe.

Pumzika, kaka yangu. Pasaka tunakuja kaburini, mimi na Ambokile, na mama amesema haachwi. Safari hii wimbo nitauanzisha mimi, chini kidogo.

Kadogo wako.