Usiuze Ng'ombe wa Plau

Cairo, Jumapili jioni

Kwako Mwaitu, mama yangu,

Pokea salamu za binti yako aliye mbali. Magoti yanasemaje siku hizi? Na kile kikohozi cha vumbi, kimepungua ama bado kinakuamsha? Mimi mwili hauna neno. Moyo ndio una hasira, na nimeona nikuambie mapema ili ukifika katikati ya barua usidhani nimepoteza adabu.

Barua hii ameibeba Kalekye, yule msichana wa Mwingi ninayekaa naye chumba kimoja. Anarudi nyumbani kabisa. Nimemwomba apitie Kathonzweni, hata kama si njia yake, aiweke mkononi mwako na si mwa kaka Kimeu, hata Kimeu akimchinjia kuku. Nikipiga simu ni Kimeu anashika. Nikisema maneno kumi wewe unaambiwa mawili, na hayo mawili ameyatunga yeye. Na nimeandika kwa Kiswahili badala ya kikwetu kwa sababu nataka yule ajenti wa kazi za nje wa Mtito Andei asomewe pia. Kikamba najua atasingizia hakuelewa.

Nimesikia mnataka kuuza wale ng'ombe wawili wa plau ili mdogo wangu Ndinda apate nauli na pesa za ajenti, aje huku. Mwaitu, usiuze. Ningeweza kuishia hapo nikaweka jina langu chini, lakini najua utauliza kwa nini, na Kimeu ana majibu ya kila kitu.

Haya yote yameletwa na ile klipu. Madam ninayemfanyia kazi ametoka Ulaya, bwana yake ameajiriwa na ofisi inayolipa dola. Madam hana kazi, kwa hivyo anajirekodi na simu akiwafundisha wageni wenzake wanaotaka kuhamia huku: nyumba ni bei gani, soko ni bei gani, teksi, umeme, shule. Siku moja akarekodi jikoni mwake nikiwa pale kwa sinki naosha sufuria. Sikuulizwa. Mtoto wa mtu huko kwetu akaiona kwa simu, akapiga kelele kwamba huyo ni Mumbua, na kufika Jumapili kanisa lote lilikuwa na habari.

Ndinda aliazima simu akanisimulia akicheka hadi akakosa pumzi. Ibada ilipoisha pasta aliambia watu wasitoke. Mapazia yakavutwa, projekta ikawashwa, nikatupwa ukutani mkubwa kama mlango, mimi na aproni yangu, nyuma yangu ile friji inayotoa barafu yenyewe. Akina mama wakapiga vigelegele. Pasta akasema tazameni Mungu alivyoinua nyumba ya mjane, na kikapu cha sadaka kikazungushwa tena, mara hii ya kumsaidia Ndinda amfuate dada yake. Ushuhuda ulikuwa wangu na mimi sikuwepo kuutoa. Hakuna hata mmoja, Mwaitu, wewe ukiwemo, aliyesema ngojeni kwanza tumpigie mwenyewe tumuulize kama hiyo nyumba ni yake.

Kwa sababu madam anaongea Kiingereza cha haraka, cha puani, Kimeu aliitwa mbele atafsiri. Akawaambia mkate huku ni karibu bure, nyumba bei rahisi, teksi kama hakuna. Sitamsingizia. Hayo madam aliyasema kweli. Lakini alikuwa akimwambia nani? Alikuwa akiwaambia watu wake, wenye mshahara unaotoka nje ukiwa dola na kuingia hapa kugeuzwa kuwa pauni nyingi za Misri. Mimi nalipwa hizo pauni. Wewe ukimsikia mwenye shamba la kunyunyizia maji akisema mwaka huu jua si kali, utaenda kupanda kwa maneno yake?

Sikiza mkate wenyewe. Ni wa duara, umevimba kama chapati iliyojaa hewa. Ule wa karibu bure upo, unauzwa dirishani, na wenye nchi wanapanga foleni na kadi zao za serikali. Ni haki yao, na wengi wao wana shida kama sisi. Asubuhi moja nilipanga nao, mgeni mimi, nikafika dirishani yule kijana akanyoosha mkono apewe kadi. Sina. Wamama wa nyuma yangu wakanitazama kwa huruma, mmoja akanipa mikate miwili ya kwake, nikaondoka nikiwa na aibu ya mwaka mzima. Tangu hapo nanunua kwa duka la kawaida, kwa bei ya kawaida, na kila baada ya muda mkate unazidi kuwa mdogo na bei inazidi kuwa kubwa.

Chumba ndicho kinanichoma zaidi. Huku kuna nyumba tupu na nyumba yenye fanicha. Tupu ni ya wenyeji, ya fanicha ni ya wageni na ina bei yake. Sasa mwenye nyumba wetu ameweka kochi. Kochi lenyewe mguu mmoja ni tofali, ukiketi unazama mpaka sakafuni. Lakini kwa sababu ya kochi hilo chumba kinaitwa cha fanicha. Nilimwambia nitaliburuta mwenyewe nje, anipe chumba kitupu. Akacheka akasema, "Wewe mgeni, utalala wapi?" Na tangu watu waliokimbia vita nchi jirani waje kutafuta pa kukaa, hata mwaka hangoji uishe kabla ya kupandisha kodi. Kalekye akiondoka nitalipa peke yangu, ama nitafute mtu nisiyemjua nilale naye kitanda kimoja.

Umeme ni wa kujaza kwa kadi. Ukiisha usiku umeisha. Gesi inapandishwa ghorofa ya sita na mtu ambaye lazima umpe chai, na mlinzi wa mlango naye lazima umpe chai, la sivyo siku ya maji kukatika hakuambii. Karatasi za kukaa nchini zinalipiwa. Ukiugua unalipa kabla daktari hajakuuliza unaumwa wapi. Nyama naiona kwa madam nikiikata. Nyumbani nakula maharage mapana asubuhi na maharage mapana jioni, na zile ndengu ulizonifungia zilikwisha zamani, nilikuwa nikizipika kidogo kidogo kama dawa.

Halafu hii ya pauni kuanguka, Kimeu afunguliwe masikio aisikie. Pauni ya hapa ikianguka madam anachangamka, siku hiyo hiyo anarekodi klipu mpya kwamba maisha yamezidi kuwa rahisi. Kwake ni kweli, dola zake zimezaa usiku. Mimi siku hiyo mafuta ya kupika yamepanda, sabuni imepanda, na mshahara ni ule ule. Nikiugeuza niwatumie, unafika huko umekonda. Kimeu anapiga simu kuniuliza nimepata mwanamume gani wa kula naye pesa. Mwaitu, hiyo simu ilinifanya nilie kwenye gari la moshi la mjini, watu wakinitazama.

Na kuna maneno ambayo Kimeu aliyaruka pale kanisani. Sijui kama hakuyasikia ama aliyasikia akayameza. Madam alipomaliza mambo ya soko, aligeuza simu kunielekea, akasema hivi, nakutafsiria neno kwa neno: "Na msichana wa kazi pia huku ni rahisi sana, unaweza kumweka kila siku na usisikie mfukoni." Hapo ndipo kanisa lilisema amina. Huyo rahisi ni mimi, Mwaitu, niliyekuwa nimewapa mgongo nikisugua sufuria.

Nilimpigia Kimeu. Nilitaka tuongee kama watu wa tumbo moja. Akaanza, "Mumbua, wewe shida yako ni wivu. Life huko iko chini, tumejionea na macho. Unataka ukule peke yako?"

Nikamwambia hiyo nyumba si yangu.

"Si ndio uko ndani?"

"Niko ndani nikiosha."

"Basi Ndinda pia ataosha. Kuna ubaya gani? Ajenti amesema kazi iko tayari, nyumba poa, wazungu wazuri. Mwisho wa mwezi lazima tumalizie pesa yake. Ng'ombe ni ng'ombe, tutanunua wengine."

Ng'ombe ni ng'ombe. Huyo ni mtu aliyekulia kwetu. Wewe unajua, nami najua, kwamba baba alipotuacha ni hao ng'ombe waliofanya usiitwe maskini. Mvua ikitaka kunyesha wasio na plau wanakuja kwako, unawalimia, nao wanakuja na majembe kutengeneza matuta yako. Ndiyo maana siku ya kazi ya kikundi shamba lako halisahauliwi. Ukiwauza sasa, mvua ya Novemba itakukuta umekaa ukingoja mwenye ng'ombe amalize kwake, amalize kwa ndugu zake, ndipo akukumbuke wewe, udongo ukiwa umeshaanza kukauka. Huo msimu umekwenda. Kimeu atalima na nini, na mdomo?

Nilidhani nimekasirika vya kutosha. Kumbe nilikuwa bado.

Alhamisi madam aliniita sebuleni, akaniambia niketi. Hajawahi kuniambia niketi. Akasema ofisi ya bwana yake imepunguza baadhi ya vitu, na bei zimepanda mno, hata wao sasa wanabana matumizi. Akasema mimi ni mfanyakazi mzuri sana na haniongelei vibaya popote. Lakini amepata msichana mwingine kutoka Kenya, kupitia ajenti aliyemwandikia baada ya kuona klipu, na msichana huyo amekubali kulipwa chini yangu. Akaniomba nikae wiki moja nimfundishe kazi kabla sijaondoka. Kisha akanipa simu nione picha.

Ni Ndinda. Amesimama kando ya ukuta wa kanisa, na lile gauni la zambarau nililomtumia Krismasi, mikono ameikunja mbele kama mtu anayesubiri kuitwa.

Nikamwambia madam, "Huyu ni dada yangu. Mama mmoja."

Alifurahi, Mwaitu. Alifurahi kabisa, hakuwa na ubaya. Akasema, "Vizuri sana, basi mtaelewana."

Nilirudi jikoni nikashika sinki kwa mikono miwili. Unajua ni nani aliyemwambia ajenti ninalipwa kiasi gani, ndipo akajua ateremke mpaka wapi? Mshahara wangu nilimtajia mtu mmoja tu, Kimeu, siku aliponisingizia mwanamume, ili aone kwamba sifichi kitu. Labda hakujua kwamba kazi ni hiyo hiyo moja. Nataka kuamini hakujua. Lakini hakuuliza. Mtu anaambiwa kuna nyumba poa ya wazungu wazuri Cairo, dada yake yuko kwenye nyumba ya wazungu Cairo, na hata hajiulizi.

Basi sasa umejua unachouziwa. Mnatoa ng'ombe wawili mumnunulie Ndinda kazi yangu, kwa mshahara usiotosha kulipia hata lile kochi, na mimi nimfundishe mahali sabuni inakaa halafu nitoke. Kisha tutakuwa wawili huku, mmoja hana kazi na mwingine ana kazi isiyomlisha, na wewe huko huna plau.

Madam nimemwambia Ndinda haji. Ameinua mabega, akasema basi ajenti atampa mwingine. Kwa hivyo mimi hapa sina siku nyingi, hilo nakueleza wazi. Nitabisha milango mingine kwanza. Nikikosa nitarudi, na nitarudi mikono mitupu, kanisa lote linione hivyo hivyo bila projekta. Siku hiyo nitashika plau mwenyewe. Lakini nishike plau inayovutwa na nini, kama mmeuza?

Kimeu akija zizini na kamba, simama mlangoni. Wewe ndiye mwenye boma. Yeye ni mtoto kama mimi.

Nisalimie shangazi anayekaanga mandazi pale sokoni, mwambie nimemkumbuka kwa harufu. Nisalimie mke wa Kimeu, anayekuchotea maji bila kuambiwa, yeye sina ugomvi naye. Pasta msalimie kwa heshima, mwambie aniombee, na safari hii waombe macho yakiwa yamefungwa. Kimeu salamu zake nimezishika kwanza, atazipata nikipoa.

Na Ndinda usimgombeze, yeye hakufanya kosa lolote isipokuwa kutaka kutoka. Mwambie nimeiona picha yake huku, sebuleni kwa watu. Mwambie ametokea mrembo mno, na madam alimpenda mara moja, kwa sababu ni rahisi kuliko mimi.

Ni mimi wako,
Mumbua