Redio Iliyovuka Mpaka

Dar es Salaam

Kwa Baba yangu mpendwa,

Shikamoo Baba, shikamoo Mama. Natumaini barua hii itawakuta mkiwa wazima, mapeasi ya nyuma ya nyumba yakiwa yameanza kuiva, na kifua cha Mama kikiwa kimetulia kwa dawa za hospitali ya Bumbuli. Mimi ni mzima wa mwili. Joto la huku nimelizoea mchana. Alfajiri bado naamka nikipapasa blanketi na kutafuta ukungu dirishani, nisivione.

Baba, uliniuliza kazi yangu ni nini hasa. Nimepewa dhamana ya kulinganisha bidhaa za ufundi wa hali ya juu, yaani redio, mashine na vyombo vya umeme, ambazo taifa letu huuza nje, na zile zinazouzwa na Afrika Mashariki kwa jumla. Safu ya taifa letu katika jedwali ilikuwa na tarakimu chache mno, hadi nilipofikia hati za forodha za mpakani Horohoro, nikakuta redio nyingi zikitoka Tanga kwenda Mombasa. Niliandika kwa fahari kwamba Tanga sasa inawauzia majirani redio. Mkurugenzi wangu alifurahi, akapendekeza jina langu kwa masomo ya Ulaya, nami nikakuarifu kwamba taarifa hiyo ingesomwa redioni.

Ndipo likaja jibu lako. Ulisema redio yetu imenyamaza, nawe hukutaka majirani waikose taarifa yangu, hivyo Mjomba Yonathani ameivusha redio mpakani kwenda kwa fundi Mombasa. Nikaanza kuzitilia shaka redio nilizozihesabu. Hati mpya zilipowasili kutoka mpakani, nilizipekua moja moja, nikasoma: "Redio moja, kasha la mbao, mgongo umefungwa kwa kamba ya katani." Kamba ile niliifunga mimi, Baba, asubuhi niliyoondoka, ukiwa umenishikia kasha. Fomu haina nafasi ya kitu kinachokwenda kutengenezwa na kurudi. Kila kinachovuka huandikwa kuwa kimeuzwa.

Nilikaa na hati hiyo siku mbili. Hapa ofisini hakuna mwingine aijuaye kamba ile, na ningeweza kunyamaza. Siku ya tatu nilimpelekea Mkurugenzi. Alisoma, akavua miwani.

"Kwa hiyo, Ndugu Elia, mauzo ya nje ya Tanga ni redio ya mzee wako?"

"Pamoja na za wazee wenzake, Ndugu Mkurugenzi. Nimewauliza watu wa forodha. Zote zilikuwa zinakwenda kwa mafundi."

Alicheka kidogo, kisha akaniagiza niandike sifuri mahali pale. Hakunigombeza. Lakini masomo ya Ulaya amepewa mwenzangu, na taarifa haitasomwa. Najua umekwisha kuwaambia majirani, na pengine Mchungaji pia. Naomba unisamehe kwa kukutia aibu.

Nisalimie Bibi, na Shangazi wa Irente ambaye maziwa ya ng'ombe wake bado nayaota, na dada yangu muuguzi. Likizo sijapewa, nimeomba tena.

Jambo moja tu, Baba. Mwambie Mjomba kwamba fundi akimaliza kazi, asimruhusu aitupe ile kamba. Mgongo ule ufungwe nayo tena, na fundo mniachie nije nilikaze mwenyewe.

Ni mimi mwanao mtiifu, nikiwa mbali nanyi,

Elia